Siku Mama Alipopanda Mnara

Fossabruna, Jumatatu, 4 Mei 1987

Mwanangu Tiziano,

Tumeamua. Jumapili hii tunakuja Bologna, sisi watatu, kwa treni ya saa moja asubuhi. Mwaka wa sita huu unasoma huko, na mama yako hajaona hata kiti unachokalia. Kila tukitaka kuja, una mtihani. Safari hii uwe na mtihani usiwe nao, tunakuja. Mimi nimenunua viatu vipya kwa ajili ya mji wenu, kwa hiyo jiandae kunibeba jioni.

Sasa nikuambie kwa nini nakuandikia wakati simu ipo. Simu iko ukumbini, na masikio ya mama yako unayajua. Wiki ya Pasaka tulikwenda Ferrara kwa yule daktari wa tumbo. Mama yako akiwa bado anafunga vifungo vya blauzi, daktari alinivuta kando kwenye korido. Akaniambia si vidonda. Ni saratani, na imeshatembea. Akasema tukifika vuli tushukuru. Nikamuuliza, "Na yeye nimwambieje?" Akanitazama kana kwamba nimemuuliza maji yanachemshwaje. "Mwambie ni vidonda vya tumbo."

Basi ni vidonda. Ndivyo tulivyomfanyia babu yako pia, na alikufa akiulaumu mgongo. Mdogo wako Nives naye nimemwambia vidonda. Ana miaka kumi na mitatu, na mdomo wake hauna mlango.

Ndani ya bahasha hii kuna ripoti ya daktari. Nimeisoma mara kumi na nilichoelewa ni tarehe. Wewe sasa ni daktari kasoro cheti tu. Isome, uniambie kama kuna mahali wamekosea.

Baba yako,
Ermes


Bologna, 7 Mei

Baba,

Nimeisoma. Sijaona walipokosea.

Nitawangoja stesheni, karibu na saa kubwa. Mama asibebe kitu. Akiniuliza, nitasema vidonda.

Tiziano


Fossabruna, Jumamosi, 16 Mei

Mwanangu,

Wiki nzima mama yako hana habari nyingine. Jirani akileta maziwa, Bologna. Padri akipita kubariki nyumba, Bologna. Nadhani hata paka wetu sasa anaijua njia ya kutoka stesheni.

Na kusema kweli ilikuwa siku nzuri, ingawa mimi niliiona zaidi kutoka nyuma. Viatu vile vilinila visigino kabla hatujafika uwanja mkubwa. Nyinyi mnatazama kanisa lililoishiwa marumaru katikati ya ukuta, mimi natafuta pa kukaa. Nyinyi mnatazama sanamu ya yule mungu wa bahari aliye uchi, mama yako amemziba Nives macho na yeye mwenyewe kakodoa ya kwake, mimi nimevua kiatu. Kisha ukatupeleka chini ya lile tao ambapo mtu akinong'ona kwenye kona hii, wa kona ya pili anamsikia. Niliwaona, wewe na mama yako, kila mmoja kageukia ukuta kama watoto walioadhibiwa. Mlikaa sana. Nami nikanong'ona kwenye kona yangu kwamba nina njaa, nikarudia mara tatu, hadi Nives alipokuja kuniambia kona yangu haiungani na kona yoyote.

Tulipokula mayai na vitunguu pale kwenye ngazi za kanisa, mama yako alimega kipande kidogo kama cha ndege, akasema ameshiba kwa macho. Kisha akaunyooshea ule mnara mrefu kidole. "Napanda."

Nilimwambia, "Iole, una vidonda." Akasema, "Vidonda viko tumboni, miguu ni mizima." Ulimpa mkono.

Nilikaa kwenye mkahawa ule wa ng'ambo na Nives kwa saa nzima. Nilikunywa kahawa tatu na kila tone lilikuwa la hofu. Halafu nikaona kitambaa chake cheupe kule juu, kidogo kama unyoya, na mkono wako umemzunguka mabega. Nilisimama nikapunga hadi mhudumu akadhani namwita.

Sasa nisikilize. Leo nikinyoa dukani nilikuwa nawasimulia watu. Learco, yule mchuuzi wa ng'ombe, alikuwa kitini na povu usoni. Mfamasia Malagù alikuwa akingoja zamu yake na gazeti.

"Ngazi mia nne tisini na nane," nikawaambia, "na mgonjwa huyo! Tiziano kamshika mkono toka chini hadi juu."

Malagù akalishusha gazeti. "Tiziano alipanda?"

"Ulitaka apande na nani, na askofu?"

"Yeye mwenyewe? Hadi juu?"

"Hadi juu, bwana. Nilimwona kwa macho haya."

"Kwani vipi?" akauliza Learco. "Mnara una mwenyewe?"

"Hakuna kitu," akasema Malagù. "Ni kwamba sisi tulipokuwa tunasoma kule, mwanafunzi hapandi mnara ule kabla hajahitimu. Akipanda, hahitimu. Kila mtu analijua hilo siku ya kwanza. Mimi miaka mitano nilikuwa navuka barabara nisikanyage hata kivuli chake. Nilipanda mchana ule ule nilipohitimu, taji la majani kichwani."

Learco akacheka hadi povu likamwingia mdomoni. "Msomi mzima unaogopa ngazi!"

"Tuliogopa wote," akasema Malagù. Kisha akaniona usoni. "Ushirikina tu, Ermes. Vijana wa siku hizi hawajali." Lakini alipokaa kitini hakuniambia nimkate vipi, na wewe unajua Malagù hukatwa nywele kwa maelekezo mengi kuliko ya dawa zake zote.

Tiziano, mimi sikusoma, ila miaka thelathini nawatazama watu kwenye kioo wakidhani natazama nywele. Kama ulilijua hilo na ukapanda, basi ama hujali, ama huna tena cha kuharibu. Niambie ni lipi. Usipige simu.

Baba


Bologna, 20 Mei

Baba,

Ni la pili.

Anatomia ilinishinda mara nne. Mara ya nne profesa alifunga kitabu akaniuliza kwa upole kama nina hakika. Sikurudi tena. Hiyo ilikuwa Februari ya mwaka juzi. Mitihani yote ambayo imewazuia kuja tangu hapo haikuwepo.

Nafanya kazi kwenye karakana ya kufunga vitabu, nyuma ya chuo. Tunatia majalada tasnifu za wanaohitimu: ngozi nyekundu, herufi za dhahabu. Mikono yangu ina madoa ya gundi; ulipoiulizia pale stesheni nilikuambia ni dawa ya maabara. Mwezi wa saba ujao wenzangu niliokaa nao darasani wataniletea majina yao niyachape.

Kuhusu mnara, sikufikiri. Mama aliniomba mkono nikampa. Nilikumbuka tulipokuwa kama ngazi ya mia hivi. Kulikuwa na wanafunzi wawili mlangoni tulipoingia, nao walinitazama, na mimi sikuona wanatazama nini. Nilitaka kumwambia Mama kwamba mimi nitangoja hapo. Lakini alikuwa ameniegemea mwili mzima, akihesabu kwa sauti. Ningemwacha vipi?

Kuna jingine. Ulisema tulikaa sana pale konani. Aliniuliza kupitia ukuta, "Daktari wangu, nina nini?" Nikasema, "Vidonda, Mama." Akasema, "Wao wangeweza kunidanganya. Wewe huwezi, wewe ni daktari na ni mwanangu." Nikarudia, "Vidonda." Halafu nikamsikia anacheka peke yake kule ng'ambo. Baada ya hapo ndipo alipoutaka mnara.

Siwezi kukaa na hilo. Alhamisi ijayo nina ruhusa. Nakuja kumwambia kwamba mimi si daktari. La kwake sitaligusa, nakuahidi.

Tiziano


Fossabruna, 23 Mei

Tiziano,

Usije.

Sikukasirikii. Nilikasirika Ijumaa kuanzia saa tatu hadi saa sita, nikamkata Learco sikio kidogo, ikaisha. Mimi mwenyewe darasa la pili nililirudia, na la tatu nadhani walinipitisha ili wapate kiti changu. Siku nyingine nitakuuliza kwa nini uliona ni rahisi kunidanganya. Leo sina nafasi hiyo.

Mama yako ameshaninunulia tai ya siku utakapohitimu. Anamwambia kila mtu Desemba, Desemba. Kule mbele ndiko anakoegemea. Ukija ukamwondolea, ataegemea wapi?

Nimefikiri usiku na mchana, na usicheke. Wewe ndiye unayechapa majina kwa dhahabu. Chapa la kwako. Funga kitabu kimoja, ndani weka chochote, hata orodha ya treni, yeye hatasoma. Atakishika tu, atakipapasa. Tutasema wamekupa tarehe ya mapema. Nitapika mimi, kama adhabu kwa wageni. Ni uongo, najua. Lakini ni mmoja zaidi tu, na huu hatauona mwisho wake.

Nakuomba kama baba. Usije Alhamisi.

Ermes


Fossabruna, Jumapili, 31 Mei

Tiziano,

Nilikuomba. Nilikuandikia kwa mkono wangu, usije. Ukaja saa nne asubuhi nikiwa na wembe shingoni mwa mtu, ukaondoka na treni ya saa sita kama mwizi.

Niliporudi kula nilimkuta jikoni na bakuli la njegere mapajani, zimeshamenywa zote, na bado vidole vyake vinamenya. Nikasema, "Njegere hizi zinalisha jeshi gani?" Akaweka sahani yangu mezani. Akakaa mbele yangu, kitu ambacho hafanyi hadi nimalize. Akasema, "Miezi mingapi, Ermes?"

Nilijaribu. Mungu anajua nilijaribu. Nikasema, "Miezi ya nini?" Akasema tena, polepole, kama anavyosema na mtu mgeni wa lugha, "Miezi mingapi?" Nikamwambia daktari alisema vuli. Supu ikapoa katikati yetu.

Tangu hapo hajaniambia neno. Analala chumba cha Nives. Chakula napata, shati napata, neno sipati. Nives anapita katikati yetu na kusema, "Mama anasema chumvi," "Baba anasema asante."

Uliniahidi hutaligusa la kwake. Uliingia kujitua mzigo wako, ukamtwisha yeye na mimi. Ulitaka ulale vizuri. Haya, lala.

Usije mpaka nikuite.

Ermes


Bologna, 4 Juni

Baba,

Sikumwambia.

Nilimwambia langu tu, kama nilivyosema. Anatomia, karakana, gundi. Alisikiliza huku anamenya. Nilipomaliza aliuliza kama nakula vizuri na kama bosi ni mtu mwema. Nikadhani imekwisha, nikaanza hata kupumua.

Kisha akasema, "Kwa hiyo pale konani, aliyeniambia nina vidonda hakuwa daktari."

Nikaokota ganda la njegere lililoanguka sakafuni.

"Alikuwa mfunga vitabu," akasema. "Na nani alimwambia mfunga vitabu kuwa ni vidonda?"

Baba, ungekuwepo ungefanya nini? Sikusema ndiyo, sikusema siyo. Nilitazama njegere. Akaniambia, "Basi. Nenda, utachelewa treni," akanifungia mkate na soseji kwenye karatasi. Mlangoni alininyooshea kola.

Sikuwahi kufikiri kwamba uongo wangu ulikuwa umeshikilia wa kwako. Nilidhani kila mtu ana wake.

Nitangoja uniite.

Tiziano


Fossabruna, 12 Juni

Tiziano mwanangu,

Baba yako anakwambia usije. Mimi nakwambia njoo. Nyumba hii ina watu wawili wanaoweza kukuita.

Kuhusu udaktari, nililia siku moja, Ijumaa, nikafua mapazia, ikatosha. Sikulia kwa sababu ya cheti. Nililia kwa hiyo miaka miwili, wewe kule peke yako, kila Krismasi unakuja na kujibu maswali ya Malagù kuhusu ini na figo. Ulijibu vizuri lakini. Sijui uliyatoa wapi.

Baba yako nilimnyamazia siku kumi na moja. Nives anasema nilimwonea. Labda. Lakini wewe nitakwambia kwa nini. Tangu Pasaka nimekuwa naahirisha mambo. Dada yangu Norma kule Rovigo tumenuniana miaka sita kwa ajili ya kabati la marehemu mama. Nilisema nitakwenda Septemba, vidonda vikipona, niwe na nguvu ya kugombana. Nikasema kuwafundisha Nives na baba yako kupika, hilo la majira ya baridi. Baba yako alikuwa anasikia nikisema Septemba, nikisema majira ya baridi, na kila mara anaitikia, "Sawa, Iole." Sawa! Hiyo sawa yake ndiyo iliyonichoma. Hofu yake naielewa.

Jumatatu nilimkuta amekaa bafuni, bomba limefunguliwa nisisikie. Nikafunga bomba. Nikamwambia, "Ermes, toka hapo, unapoteza maji." Ndivyo tulivyopatana. Amelia begani mwangu hadi blauzi ikalowa, halafu akasema anadhani viatu vile bado vinamuuma.

Jumatano tulikwenda Rovigo. Kabati ni baya kuliko nilivyolikumbuka.

Unaniuliza moyoni, najua, kama ningepanda mnara kama ningejua. Nilipanda kwa sababu nilidhani napona, basi mguu ulikuwa mwepesi. Ningejua, ningepanda hivyo hivyo, ila ningekaa juu zaidi. Tulishuka upesi mno, nikihofia baba yako kunywa kahawa ya nne.

Na jambo moja. Tangazo langu la kifo likibandikwa ukutani, usimruhusu baba yako aandike mama wa daktari. Atajaribu.

Njoo Jumapili. Njoo kila Jumapili.

Mama yako,
Iole


Fossabruna, Jumapili, 23 Agosti

Mwanangu Tiziano,

Ulipoondoka baada ya mazishi nilifungua duka siku iliyofuata, watu wakanishangaa. Ningefanya nini nyumbani? Nives anapika vile alivyofundishwa, nami nakula na kusema ni kitamu. Yeye ananijibu, "Baba, sema kweli." Nikasema kweli. Akanitupia kijiko. Tunaendelea hivyo.

Malagù alikuja, akaniuliza kwa sauti ya chini unafanya nini sasa. Nikamjibu kwa sauti ya kawaida, duka limejaa, kwamba unafunga vitabu, na kwamba ulipanda mnara na mama yako. Learco akasema, "Mimi na mama yangu tungefika ngazi ya tano tukagombana." Hakuna aliyecheka sana, lakini walijaribu, nikawashukuru.

Lakini ninachokuandikia si hayo.

Makaburini uliniuliza alisema nini mwisho, kwa sababu treni yako iliingia masaa mawili baadaye. Nikakuambia hakusema kitu, alikuwa amelala. Nilikudanganya tena. Midomo yangu imezoea. Usiku wote ule ulikuwa umekaa pembeni yake, kesho yake unajilaumu kwa treni, na mimi nikaona nikuhurumie. Halafu usiku wa kuamkia leo nikawaza, huko ndiko nilikoanzia, kwenye kuhurumia.

Hakuwa amelala. Ilikuwa Jumatano, saa tisa alasiri, joto, madirisha yamefungwa jua lisiingie. Nives nilimtuma kwa barafu. Nilikuwa namlowesha midomo kwa kitambaa. Akafumbua macho akanitazama sana, kama mtu anayetafuta jina langu. Akasema, "Ermes. Ni leo?"

Unanijua. Maisha yangu yote nimewaambia watu nywele zimewakaa vizuri. Neno la kumwambia lilikuwa tayari mdomoni, limeshaiva: hapana, mpenzi wangu, unasema nini, jioni Tiziano anafika na atakukuta umekaa. Nililionja kabisa.

Nikasema, "Nadhani ni leo, Iole."

Sijawahi kusema kitu kizito kama hicho, na nilikisema vibaya, sauti imepasuka katikati. Nilidhani ataogopa, nikamshika. Hakuogopa. Aliuliza uko wapi. Nikamwambia uko njiani, lakini hutawahi. Akafumba macho kidogo. Kisha akasema, "Haya," kama mtu aliyeambiwa chakula kiko mezani.

Akasogea ukutani, polepole sana, akaacha nafasi kitandani. Nikavua viatu nikalala pembeni yake.

Baba yako,
Ermes